Fataki za Idi: Anayeuza na anayenunua ndio wa kuulizwa



Idi inapokaribia, mitaa ya Musoma na Bunda huanza kulia milio. Watoto hujaza unga wa vichwa vya njiti za kiberiti kwenye spoku ya baiskeli, wakagonga kwa msumari. Wengine hununuliwa fataki dukani. Nasi wazazi husema: "Waacheni, ni sikukuu."

Huu si mchezo. Hata kile kijiti cha cheche tunachompa mtoto wa miaka 4 huweza kufikia joto la nyuzi 1,000 za Sentigredi, wakati maji huchemka kwa 100. Jicho haliwezi kuhimili hilo.

Sheria nayo ipo. Wachimbaji wa Buhemba, Butiama, wanajua kwamba huwezi kulipua mwamba bila kibali chini ya Sheria ya Baruti ya mwaka 1963. Fashifashi nazo zinahitaji kibali, na Polisi hukumbusha hivyo kila mkesha wa mwaka mpya. Aidha, Kanuni ya Adhabu humtia hatiani anayetumia moto au baruti kizembe akahatarisha maisha ya watu: kifungo cha hadi miaka 2, faini, au vyote viwili.

Lakini mtoto aliye chini ya miaka 10 hawezi kutiwa hatiani. Basi nani ajibu? Kwa maoni yetu ni muuzaji, pamoja na mzazi aliyetoa fedha. Muislamu mwenye duka asiseme biashara ni biashara. Faida inayopofua mtoto wa jirani haina baraka.

Wakubwa nao wajifunze kwa jirani zetu wa Uganda. Usiku wa kuamkia Januari 1, 2023, katika jengo la Freedom City, Kampala, watu wapatao 10, wakiwamo watoto, walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kutazama fashifashi.

Ajali ikitokea, mwagia palipoungua maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, unga wala mafuta. Jicho likiumia, usilisugue, usilioshe wala kutia dawa. Lifunike kwa kikombe kisafi bila kuligandamiza, umuwahishe mgonjwa hospitali.

Idi hii, wazazi, kagueni mifuko ya watoto kabla ya kwenda kuswali. Kiberiti kibaki jikoni.