Mnarudi nyumbani na mwenzako? Hesabuni siku kabla ya kufunga sofa

Wakenya wa majuu wakianza kupanga kurudi nyumbani, gumzo huwa la kontena. Tuchukue ya futi 20 au 40? Sofa inaingia ama tuiuze? Hayo yanaweza kungoja. Swali la kwanza ni la kalenda: mmekaa nje kwa muda gani, na mlipokuja likizo mlikaa hapa siku ngapi? Jibu ndilo litaamua kama vyombo vyenu vitapita forodhani bila ushuru au mtavilipia mara ya pili.

Wengi wanakumbuka kelele za Novemba 2023, KRA ilipotangaza kwamba msafiri mwenye bidhaa za zaidi ya dola 500 atalipa ushuru. Mitandao iliwaka. Lakini ule ulikuwa mjadala wa sutikesi. Anayehama na nyumba nzima ana kifungu chake katika Jedwali la Tano la Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004. Na tuseme ukweli, kifungu chenyewe ni cha ukarimu. Kitanda, friji, masufuria, runinga, chochote mlichokuwa mkitumia nyumbani kwenu huko, hakitozwi ushuru. Hata gari moja linapita, mradi msafiri mwenyewe amelimiliki na kulitumia huko kwa miezi 12 au zaidi.

Masharti sasa. Uwe umetimiza miaka 18. Uwe umeishi nje kwa miaka miwili. Na ndani ya miaka hiyo miwili, siku ulizokaa hapa zikijumlishwa zisifike 90.

Hiyo 90 ndiyo inayouma. Chukua mfano wa kijana anayefanya kazi Doha. Mwaka wa kwanza amekuja likizo siku 30, mwaka wa pili 30 tena. Halafu mzazi anafariki, anarudi kwa matanga na kukaa mwezi mmoja. Jumla ni siku 90, na msamaha umeponyoka. Kifungu hakitofautishi aliyekuja kula bata Diani na aliyekuja kuzika.

Kwa wanandoa, kuna fundo jingine. Sheria inamzungumzia msafiri, mtu mmoja. Tuseme mume ameishi Dubai miaka sita, mke alimfuata miezi 14 iliyopita. Nyumba ni moja, lakini pasipoti ni mbili: mume ametimiza miaka miwili, mke bado. Sasa mke anatangulia na watoto kutafuta shule, na kwa kuwa ndiye atakayekuwa hapa kupokea mzigo, hati ya shehena inaandikwa jina lake. Kwa nia njema kabisa, familia imeweka mzigo kwenye jina la yule asiyestahili msamaha.

Gari nalo ni vivyo hivyo. Kama limeandikishwa kwa jina la mke na anayedai msamaha ni mume, atasemaje kwamba alilimiliki yeye? Isitoshe, magari ya Ghuba na Marekani yana usukani wa kushoto, ilhali Kenya inataka wa kulia na umri usiozidi miaka 8.

Ukikosa msamaha, hesabu inakuwa hivi. Bidhaa nyingi zilizokamilika ziko katika kundi la asilimia 25. Kifaa kikithaminiwa Sh100,000, nauli ya meli na bima zikiwemo, ushuru wa forodha ni Sh25,000. VAT ya asilimia 16 inakatwa kwa ile jumla ya Sh125,000, yaani Sh20,000 nyingine. Ada ya tamko la uagizaji na ushuru wa reli bado hazijaingia hapo. Mkianza kuvutana na ajenti kuhusu nani alipe nini, gharama za kuhifadhi kontena nazo zinapanda kila siku. Fungua Gazeti Rasmi la Kenya usome matangazo ya mnada wa forodha. Kati ya nguo na vipuri utakuta mizigo iliyoandikwa tu kuwa vyombo vya nyumbani vilivyotumika. Hayo yalikuwa maisha ya mtu.

Serikali haichoki kuwasifu hawa watu. Mwaka 2024 walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9. Lakini kifungu hiki kinamfaa zaidi mtu wa zamani aliyehama mara moja, akakaa, akarudi mara moja. Vijana wa leo wanaishi kwa kandarasi fupi, mmoja akiwa huku na mwenzake kule. Haitagharimu pakubwa kuondoa siku za msiba katika hesabu, au kuwatambua mume na mke kama nyumba moja.

Kabla hayo hayajabadilika, chukueni pasipoti zote mbili mjumlishe mihuri ya kuingia na kutoka. Mzigo uende kwa jina la aliyetimiza masharti, na yeye awe anahama kweli. Wekeni risiti, kandarasi ya kazi na mkataba wa nyumba mahali pamoja. Mzigo ufike ndani ya siku 90 tangu msafiri atue. Ukichelewa, Kamishna anaweza kuongeza muda, lakini si zaidi ya siku 360. Na kama mmebakisha wiki tatu kutimiza miaka miwili, hakuna haja ya kukimbilia tiketi ya bei rahisi. Ngojeni.