Ute au Kamasi? Kuhusu Kivumishi Kimoja cha Anatomia

Kivumishi cha Kilatini *mucosus* kilitokana na *mucus*, yaani kamasi. Wanaanatomia walikipanua kieleze pia utando wa kinywa, tumbo na utumbo. Huweza basi kudaiwa kwamba Kiswahili nacho kitumie “-a kamasi”. Dai hilo halifai. Kwa wazungumzaji, kamasi ni ya puani. Ikitajwa kwingineko, kama katika kuhara kamasi, huashiria maradhi. Mgonjwa aelezwapo “utando wa kamasi” wa tumbo atadhani ametajiwa ugonjwa, ilhali utando huo humkinga dhidi ya asidi. Kiswahili kina neno pana zaidi, *ute*, litumikalo hata kwa yai. Hivyo istilahi iwe “-a ute”. Kamasi, mate na makohozi yabaki na maana zake mahususi.