Kabla hujaomba wimbo ufungiwe, soma kesi ya Judas Priest



Wiki iliyopita kwenye kundi letu la WhatsApp mwenzetu mmoja alituma wimbo wa msanii anayewaimbia watawala kwenye mikutano yao. Chini yake akaandika: "Huu ufungiwe, unapotosha vijana." Madole gumba yakamiminika. La kwangu halikuwemo, mpaka dada mmoja akanifuata pembeni kuniuliza kama nimehamia upande wa pili. Jamani, sijahama. Nipeni dakika tano.

Wanaonijua wanajua napenda hevi metali, mama ameshazoea kelele. Bendi yangu ni Judas Priest, vijana wa eneo la Birmingham, Uingereza, kwenye viwanda vya chuma. Albamu zao za mwanzo ndizo nazisikiliza zaidi: "Rocka Rolla" ya 1974, "Sad Wings of Destiny" ya 1976, "Sin After Sin" ya 1977 na "Stained Class" ya 1978. Magitaa mawili yanakimbizana, na Rob Halford anapandisha sauti mpaka unajiuliza anapumulia wapi. Nyimbo zao zina giza, hilo sibishi. Hii "Stained Class" ndiyo iliyowafikisha mahakamani.

Desemba 1985, katika mji wa Sparks, Nevada, Marekani, vijana wawili wa miaka 18 na 20 walishinda wakinywa bia, wakivuta bangi na kusikiliza albamu hiyo. Siku hiyohiyo wote wawili walijaribu kujitoa uhai. Mmoja alifariki palepale. Wa pili alibaki na majeraha mabaya, akafariki 1988. Familia zikaishtaki bendi pamoja na kampuni ya CBS: muziki wenu umetuulia watoto.

Kwanza waligonga mwamba wa Katiba. Mahakama ilisema maneno ya wimbo, hata yawe ya giza namna gani, yanalindwa na Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani. Mawakili wakabadili gia. Wakadai ndani ya wimbo "Better by You, Better than Me" kuna sauti iliyofichwa inayomwambia msikilizaji "fanya", sauti ambayo sikio halitambui lakini akili inaipokea. Na wimbo wenyewe wala haukuwa wao! Ulikuwa wa bendi ya Spooky Tooth, wa mwaka 1969.

Kesi ilisikilizwa Reno, Julai 1990, mbele ya Jaji Jerry Carr Whitehead peke yake, bila jopo la raia. Halford alipanda kizimbani akaimba mahakamani. Akachezesha pia nyimbo zao kinyumenyume, akaonyesha kwamba ukitafuta maneno utayapata tu: yeye alipata sentensi kuhusu kiti kilichovunjika na peremende. Tarehe 24 Agosti jaji akatoa hukumu. Sauti ile, alisema, ilitokana na pumzi ya mwimbaji kukutana na mlio wa gitaa. Haikuthibitishwa kwamba iliwekwa makusudi, wala kwamba ndiyo iliyosababisha vifo. Bendi ikashinda.

Ila jaji hakuwapa ushindi wa bure. Alisema pia kwamba ujumbe wa kificho hauna ulinzi wa uhuru wa maoni, maana msikilizaji hawezi kuupima wala kuukataa. Hapo nakubaliana naye. Neno lililosemwa wazi unaweza kulijibu. Ulilopenyezewa bila kujua utalijibuje?

Sasa tuje nyumbani. Mwaka wa kwanza sheria tunafundishwa kwamba anayedai ndiye anayethibitisha. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo "Wapo". Aliachiwa baada ya Rais kuagiza aachiwe. Tulishangilia, mimi nikiwemo, nikiwa bado binti wa sekondari. Leo najiuliza tulishangilia nini. Hakuna aliyethibitisha kosa, na hakuna mahakama iliyosema hakuna kosa. Mkubwa mmoja aliupenda wimbo, basi. Je, asingeupenda?

Na hili neno "uchochezi" tunalopigiwa kila siku limejengwa kwa hoja ileile ya Reno: kwamba mtu hawezi kukasirika mwenyewe, lazima kuna aliyemnong'oneza. Kijana hana ajira, lakini anayetafutwa ni aliyemwimbia. Kule Nevada mahakama ilisikia habari za ulevi na maisha magumu ya wale vijana tangu utotoni. Siwalaumu wazazi wao. Mtu akifiwa na mtoto hutafuta mkono wa kuushika, na albamu ilikuwa karibu. Lakini uchungu siyo ushahidi.

Kwa hiyo kamanda, unapoandika "ufungiwe", jiulize nani atafungia. Ni chombo kilekile kinachofungia za kwetu. Ukikipa sababu leo, kesho kitaitumia kwako, na utakuwa huna mdomo wa kulalamika. Ibara ya 18 ya Katiba yetu haikuandika kwamba uhuru wa maoni ni wa wanaotuunga mkono.

Yule msanii anaimba kwamba maisha yamenyooka. Amesema wazi, hajaficha kitu. Basi tumjibu wazi: bei ya mafuta, foleni ya hospitali, mkopo wa chuo uliochelewa. Tuna wasanii, tuna simu, tuna hoja. Wimbo ujibiwe kwa wimbo.

Na dada yangu uliyenifuata pembeni, nipo palepale. Nilikuwa nasoma kesi tu.

Mapambano yanaendelea.