Si Kozi Iliyokuangusha, Ni Bei Ambayo Hujawahi Kutaja

Kuna sentensi moja nimechoka nayo: "Omera, mimi nilisomea kitu kibaya." Naisikia hapa Uriri, naisikia Awendo, naisikia Rongo. Msee ana digrii ya kemia na anapiga picha kali kuliko studio nyingi za mjini. Msichana ana diploma ya uhasibu na anachora mabango ambayo kijiji kizima kinayashea WhatsApp. Ukiwauliza mbona wasiifanye hiyo kazi mazima, jibu ni lile lile: kozi. Wangesomea filamu, wangesomea usanifu wa picha, saa hii wangekuwa mbali.

Mimi nasema hapana. Kozi haijakuangusha. Kilichokuangusha ni kwamba hujawahi kumtazama mtu usoni ukamwambia kazi yako ni pesa ngapi.

Kwanza, hiyo kozi uliipataje? Ulikaa saiba ukiwa na miaka 18 au 19, ukajaza fomu ya KUCCPS. Bila C+ huendi digrii. Ukiwa nayo, wanaangalia pointi zako kwenye masomo manne ya ile kozi, halafu mnapigania nafasi na nchi nzima. Orodha unaijaza wewe, lakini kinachoamua ni pointi. Nyuma yako kuna mama anayesema ualimu, na mjomba anayesema chochote chenye neno "sayansi" ndani. Yaani uamuzi wa maisha yako ulifanywa na kamati, na wewe ulikuwa mwanakamati mmoja tu. Sasa mbona ubebe lawama peke yako miaka mitano baadaye?

Na usidhani mambo yamebadilika sana. Januari 2026 wadogo zetu wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10 wakiwa na njia tatu za kuchagua: STEM, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Makadirio ya serikali yenyewe yalikuwa asilimia 60 waende STEM, 25 sayansi za jamii, 15 sanaa na michezo. Mtoto wa miaka 15 anayechora atasukumwa kule walikosukumwa kina sisi. Kwa hivyo "kusomea kitu kibaya" si bahati mbaya yako wewe binafsi. Ni hali ya kawaida ya Mkenya. Zoea, tuendelee.

Tena watu wametoka humo humo wakafanya makubwa. Margaret Ogola alisomea udaktari, akawa daktari wa watoto. Mwaka 1994 akatoa The River and the Source, na mwaka 1995 kikachukua tuzo ya Commonwealth ya kitabu bora cha kwanza upande wa Afrika. Baadaye watoto wa Kenya walikisoma kwa mtihani wa KCSE. Na hakuacha udaktari! Grace Ogot, mzaliwa wa Asembo, alisomea uuguzi na ukunga Uganda na Uingereza. Mwaka 1966 akatoa The Promised Land, riwaya ya Waluo wanaohamia Tanganyika, na humo ndani mna mgonjwa, mna hospitali, mna waganga. Unafikiri hayo aliyaokota wapi? Kule Zanzibar, Muhammed Said Abdulla alikuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuwa mhariri. Mtu aliyelipwa kukagua ndiye aliyetuletea Bwana Msa, mpelelezi wa Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyoshinda shindano la uandishi la 1957-58.

Hakuna kati yao aliyengoja cheti cha sanaa ndipo aanze.

Najua utasema nini: "Hao walikuwa na mshahara." Kweli kabisa. Daktari anaweza kuandika usiku kwa sababu mchana analipwa. Wewe huna mshahara. HELB inakutumia ujumbe, nyumbani waliuza ng'ombe ukasome, na kazi ya kozi yako haijaonekana. Ndiyo sababu kwako wewe bei si jambo la baadaye. Ndiyo inayoamua kama hii sanaa itakulisha au itakumaliza.

Na usiniambie Uriri hakuna pesa ya sanaa. Twende matangani.

Ijumaa mwili unatoka mochari kwa msafara, Jumamosi mazishi. Hesabu kazi za ubunifu zilizo pale. Kuna anayepiga picha na video. Kuna anayerusha moja kwa moja ili ndugu walio Nairobi na Doha waone. Kuna kijitabu cha historia ya marehemu, kuna bango la getini, kuna fulana zenye picha yake, kuna emsii, kuna anayeshika mitambo ya sauti. Hiyo ni sekta nzima, na inafanya kazi karibu kila wikendi kutoka Migori hadi Homa Bay.

Sasa angalia nani analipwa. Mwenye hema hashushi mlingoti kabla ya kuona M-Pesa. Mwenye viti vivyo hivyo. Mwenye jenereta, mwenye gari la maiti, aliyeuza ng'ombe, wote wana bei na hakuna anayewaita wachoyo. Halafu wanafika kwa kijana wa kamera: "Wewe ni mtoto wetu, saidia tu, tutakuona." Utaonwa lini? Utapewa sahani ya wali na soda, na Jumatatu watakupigia simu wakiuliza video iko wapi.

Kwetu mkulima wa miwa anaujua uchungu wa kukatiwa miwa halafu akae miezi akingoja malipo. Mzee huyo huyo atalalamika asubuhi juu ya pesa yake ya miwa, na jioni akuambie wewe uchape kazi bure. Jaduong', kwa heshima zote, hiyo ni tabia ile ile unayoilaani.

Serikali yenyewe ilishajua kwamba hii ni kazi. Mwaka 2023 Mswada wa Fedha ulitaka kukata asilimia 15 ya malipo ya maudhui ya kidijitali. Watu wakapiga kelele, sheria ikatoka na asilimia 5. Tukienda kukatwa kodi sisi ni wafanyakazi. Tukiomba kulipwa sisi ni watoto wanaocheza na simu.

Halafu kuna wale wa upande wa pili, wa "acha shule, fuata kipaji." Hao ndio wananikera zaidi, kwa sababu wanaongea lugha yetu. Wanakuambia piga video, utaomoka. Hawakuambii kwamba YouTube haikugawii pesa ya matangazo mpaka ufikishe wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka mmoja, au video fupi zitazamwe mara milioni 10 kwa siku 90. Bando la hiyo safari yote nani ananunua? Kipaji bila bei ni mchango. Unawachangia watu wasiokujua.

Basi tufanye hesabu, kama mtu mzima. Tuseme umetoza 5,000 kwa video ya mazishi. Kukodi kamera 1,500. Wa kukusaidia 1,000. Bando la kupakia 500. Boda kwenda na kurudi 400. Umebaki na 1,600, na kazi imekula siku tatu: moja ya kupiga, mbili za kuhariri. Hiyo ni kama mia tano na kitu kwa siku, pesa ya mtu wa mkono kwenye mjengo. Na hapo ulilipwa! Ukifanya bure, umetoa 3,400 mfukoni mwako. Wewe ndiye mdhamini mkuu wa hayo mazishi na jina lako halikutajwa.

Utasema ni ukatili kumdai mfiwa. Sikuambii umdai mjane. Zungumza na kamati mapema, kabla ya bajeti kufungwa, bei iandikwe, nusu ilipwe kabla hujawasha kamera. Na kama ni jirani asiye na kitu na moyo wako unataka kusaidia, saidia, lakini taja thamani. Waambie: "Kazi hii ni 5,000, nimewachangia. Andikeni kwenye daftari." Aliyetoa mia mbili anasomwa jina mbele ya watu, mbona wewe usisomwe? Siku hiyo kijiji kizima kitajifunza kwamba picha ina bei.

Na ile kozi "mbaya"? Ilete kazini. Ulisomea kilimo? Hapa Kanyamkago kuna wakulima wa mahindi wanaopigana na kayongo kila msimu, na viwavijeshi tangu 2017. Anayeweza kueleza hayo kwa video ya dakika tatu kwa Dholuo, na anajua anachosema, hana washindani wengi. Anayeuza mbegu na dawa anahitaji mtu kama huyo, na huyo ni mteja wa kumtajia bei. Ulisomea uhasibu? Wewe ndiye utakayejua kama 5,000 inakula au inalipa, wakati mwenye diploma ya filamu anashangaa pesa ilienda wapi. Ulisomea uuguzi? Grace Ogot alishakuonyesha njia. Mwenye kamera wako wengi. Mwenye kamera anayejua kitu kingine zaidi ya kamera ni wachache.

Wazazi, neno moja kwenu pia. Mtoto anayepiga picha harusini hajapotea na hajatupa ada yenu. Akirudi nyumbani Jumapili, msimuulize atapata kazi lini. Muulizeni walimlipa ngapi. Hilo swali litamsaidia kuliko maombi ya kupata ofisi.

Na wewe mwenye cheti sandukuni, usirudi chuo kusomea sanaa kwa deni jipya kabla hujamtoza hata mteja mmoja. Wikendi hii kuna matanga mahali, kuna harusi mahali, kuna kanisa linalotaka bango. Andika bei yako leo, kwenye karatasi, kabla simu haijaita. Ikiita na mtu akasema "saidia tu, wewe ni wetu," muulize swali moja, kwa upole, bila kununa:

Na mwenye hema, si ni wetu pia?