Starehe ya Kununua

Katika adabu ya watu wa pwani, mtu akifika barazani akawakuta wenyeji wameketi, nao wakataka kuinuka ili wampokee, huwazuia kwa neno moja tu: "Starehe!" Maana yake ni kwamba msijisumbue, kaeni kama mlivyokaa, kufika kwangu kusiwe taabu kwenu. Neno hilo hutoka kinywani mwa mgeni likaenda kwa mwenyeji. Mgeni ndiye ampaye mwenyeji raha, na kwa kumpa raha hiyo hujipatia mahali pa kuketi.

Siku hizi neno hilo limegeuzwa miguu juu kichwa chini. Twasikia hoteli za starehe, kambi za starehe, majahazi ya starehe na vyakula vya starehe. Aliyejinyosha kitini ni mgeni, na asiye na ruhusa ya kuketi tangu alfajiri mpaka usiku ni mwenyeji. Wako watakaosema kwamba maneno huhama maana kama ndege wahamavyo miti, na kwamba hapana cha kulalamikia. Mimi nasema kwamba neno hili halikuhama kwa hiari yake. Limehamishwa pamoja na kitu kilichokuwa ndani yake, na kitu hicho sasa kinauzwa kwa jina la uongo.

Dai langu ni hili. Kinachouzwa katika hoteli za anasa za Unguja, Mombasa, Lamu na katika kambi ghali za Serengeti na Mara, na kuitwa ukarimu wa Waswahili au ukarimu wa Kiafrika, si ukarimu. Huenda ni utumishi mzuri. Huenda ni kitanda chema na shuka safi. Huenda hata ni sanaa. Ukarimu sicho.

Ukarimu ni jambo la watu wawili ambao kila mmoja humdai mwenzake. Methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ambayo Mwalimu Nyerere aliikumbusha mwaka 1962 alipoueleza ujamaa, hudhaniwa na wengi kuwa ni kejeli kwa mgeni mvivu. Mimi naiona kuwa ni heshima. Jembe humtoa mtu katika ugeni likamtia katika hesabu ya watu wa nyumba. Kabla ya jembe alikuwa akitazamwa. Baada ya jembe huulizwa shauri. Lakini mtu aliyelipa hadaiwi. Fedha yake imekwisha kukata uzi wote baina yake na yule aliyemletea maji ya kunawa. Anaweza kukaa siku thelathini, na siku ya thelathini atakuwa mgeni vile vile kama alivyokuwa siku ya kwanza, tena mgeni asiyejua jina la baba wa mtu aliyekuwa akimtandikia kitanda.

Nisidhaniwe kwamba naichukia kazi ya hoteli. Ina wakubwa wake wanaostahili sifa. César Ritz alizaliwa mwaka 1850 katika kijiji cha milimani huko Uswisi, mtoto wa mwisho katika watoto kumi na watatu wa mkulima, akaanza kwa kuchukua sahani, na mwaka 1898 akafungua mjini Paris hoteli yenye jina lake. Mwenzake Auguste Escoffier alizipanga jikoni za Ulaya kama jeshi lipangwavyo, kila mpishi na kazi yake. Watu hawa waliuza bafu, mwanga mzuri, vitambaa vyeupe na mchuzi uliopikwa kwa akili. Ritz hakudai kwamba aliwauzia matajiri wa Paris mapokezi ya nyumba ya mama yake kule milimani. Biashara yake ilikuwa wazi: hiki ni kitanda, hii ni bei yake. Mnunuzi hakudanganywa, na kijiji cha Uswisi hakikuibiwa kitu. Ubaya ni pale biashara isipotosheka kuuza kitanda, ikataka kuuza na salamu.

Na tuitazame salamu yenyewe, maana wasomaji wa jarida hili ni watu wa lugha. Hujambo ni swali. Mtu humwuliza mwenzake: huna jambo? Hakuna lililokufika? Naye hujibu: sijambo. Ndani ya neno hilo moja mna ukanushi, mna nafsi, mna umoja na wingi. Husemwa hujambo, hamjambo, hajambo, hawajambo. Hoteli imeling'oa kila kiungo hicho, kwa kuhofia kwamba kitamchosha mgeni, ikabakisha kipande kimoja: "Jambo!" Kwa sikio la Mswahili, mtu anayepaza sauti mlangoni na kusema "jambo" ametangaza kwamba kuna tukio. Kisha, kama ambaye ameogopa tangazo lake mwenyewe, huongeza upesi kwamba hakuna matata. Mgeni hucheka akaona amekwisha kujua Kiswahili.

Wimbo uliovichukua vipande hivi ulimwenguni, Jambo Bwana wa bendi ya Them Mushrooms, ulitoka mwaka 1982 katika hoteli za pwani ya Kenya ambamo bendi hiyo ilikuwa ikiwapigia watalii. Siwalaumu wanamuziki; waliwekwa mbele ya watu wa kupita, wakawapa kilichoweza kushikika kwa siku chache, nao wakakipa sauti tamu. Lakini tazama mwisho wake. Mwaka 1994 kampuni ya Disney ilitia maneno hakuna matata katika filamu yake ya simba, na mwaka 2003 ikayapatia Marekani hati ya alama ya biashara ya nguo. Maneno yaliyotolewa bure kwa mgeni yamepata mmiliki, na mmiliki si mwenyeji.

Hayo nayaona kuwa ni madogo ukiyalinganisha na haya yafuatayo. Kijana wa Nungwi au wa Makunduchi amekulia katika lahaja ambayo wanazuoni huvuka bahari ili waisikie. Babu yake huamkia kwa maneno ambayo kamusi bado hazijayamaliza. Kijana huyo akiajiriwa hotelini hufundishwa siku ya kwanza aseme "jambo". Hufundishwa, kwa mshahara, kuikosea lugha ya mama yake, tena atabasamu anapokosea. Naomba nisiambiwe kwamba hili ni jambo la sarufi tu. Mtu anayelazimishwa kujifanya hajui lugha yake mbele ya mtu asiyeijua ametiwa katika utumwa wa namna ya pekee.

Neno safari nalo lina kisa chake. Kwetu ni neno la kazi. Wapagazi waliotoka Bagamoyo kwenda Ujiji walikwenda safari, na kila mmoja alibeba mzigo wa frasila moja na nusu au mbili kichwani au begani, kwa miezi, kwa miguu. Mzungu alilichukua neno na msafara wenyewe. Theodore Roosevelt alipokuja Afrika ya Mashariki mwaka 1909 alifuatwa na wapagazi zaidi ya mia mbili, na katika mizigo yao ilikuwamo tani nne za chumvi ya kuhifadhia ngozi za wanyama atakaowapiga. Ukiingia leo katika kambi ghali za mbugani utaukuta msafara ule umesimamishwa tena kama mchezo wa kuigiza: hema la turubai lenye beseni la kuogea la shaba, taa ya chemli, kiti cha kukunjwa, sanduku la ngozi lililochakazwa makusudi, na mtu aliyesimama na taulo. Bei ya usiku mmoja katika kambi za namna hiyo huzidi dola 1,000 kwa mtu, katika nchi ambayo pato lake likigawanywa kwa kila kichwa halifiki mbali na dola 1,200 kwa mwaka. Fedha nyingi namna hiyo hailipiwi hema. Hulipiwa ndoto ya kuwa bwana mkubwa wa mwaka 1909, bila ya malaria na bila ya lawama. Na sisi, tuliomwondoa bwana mkubwa kwa jasho, twamkodishia kiti chake kwa usiku.

Hapa wenzangu wa uchumi watanyanyua mikono. Nao wana historia ya kujivunia. Mwaka 1970 ulizuka Dar es Salaam mjadala mkali magazetini juu ya utalii na ujamaa, vijana wa Chuo Kikuu wakiwa mstari wa mbele, na mwaka 1973 maandishi yake yalikusanywa katika kitabu alichokihariri Issa Shivji. Wapo waliosema kwamba utalii unaleta fedha za kigeni na kazi. Wapo waliosema kwamba faida hurudi ulikotoka mtaji na kwamba taifa la watumishi haliwezi kujitegemea. Mjadala ulikuwa wa wanaume kwa hakika, ila kwa maoni yangu pande zote mbili zilihesabu dola. Ni wachache waliouliza ni kitu gani kinachobadilishwa kwa dola hizo.

Leo hoja ya dola imevaa kanzu mpya. Yasemwa: tuachane na wageni wengi wenye fedha kidogo, tuwatafute wachache wenye fedha nyingi, hao hawachafui, hawasongamani, na kijiji hakitawahisi. Hoja hii yapendeza ikiwa juu ya karatasi. Lakini mtu mmoja wa anasa hanywi kama mtu mmoja. Mwaka 2012 shirika la Tourism Concern lilichapisha utafiti wa maji katika vijiji vya Unguja, Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Nyumba nzima ya wanakijiji ilitumia chini ya lita 100 kwa siku. Chumba kimoja cha hoteli ya daraja la juu kilitumia zaidi ya lita 3,000. Bwawa la kuogelea lachimbwa hatua chache kutoka bahari ya Hindi, na bustani ya majani ya kigeni yanyweshwa saa ambayo mwanamke wa kijijini amepanga ndoo. Huyo ndiye mgeni ambaye kijiji hakitamhisi!

Na ugo je? Ufaransa, aliyeanza mambo haya kwa werevu mkubwa ni Club Méditerranée, chama kilichoasisiwa mwaka 1950 na kambi yake ya kwanza ikawa Alcúdia katika kisiwa cha Majorca. Humo baadaye wageni waliacha kutumia fedha baani wakatumia shanga walizozivaa shingoni, ili wasahau kwamba wananunua. Mtindo wa kulipa yote mbele ulifika pwani yetu pamoja na vijiji vya watalii vya pwani ya mashariki ya Unguja. Aliyelipa chakula chote kabla ya kupanda ndege hana sababu ya kutoka langoni, na muuza madafu aliye nje ya lango hana njia ya kumfikia ila kwa kupiga mbiu ufukweni mpaka mlinzi amfukuze. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 600,000, na sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu wenyeji karibu milioni 1.9. Umati mkubwa namna hiyo wa wageni waweza kuja na kurudi kwao bila ya wengi wao kuulizwa habari za nyumbani.

Lakini chakula ndicho kinachonichoma zaidi. Chakula cha Waswahili ni sinia. Watu wanne au watano hulizunguka, wananawishwa kwa birika, mikono ya kulia hukutana katika pilau moja, na mwenye adabu huisogeza nyama upande wa mwenzake. Apitaye karibu husemeshwa "karibu", hata kama wali ni kidogo. Ladha yake haikai katika iliki na mdalasini peke yake. Imo katika hesabu ile ya macho, ya nani hajashiba. Karamu ya hoteli ya anasa huanza kwa kuuvunja mzunguko huo. Meza ya watu wawili huwekwa mchangani, mishumaa ikawashwa, sahani pana ikaletwa yenye kipande cha pweza kiasi cha dole gumba na tone la tui ubavuni, na karatasi ikasema kwamba hii ndiyo ladha ya asili ya kisiwa. Mimi sina ugomvi na kipande kidogo; ale kidogo atakaye. Ugomvi wangu ni na karatasi. Pweza wa nazi amepoteza jina lake humo, akapewa maelezo marefu ya Kiingereza au ya Kitaliano, na majina ya Kiswahili yameachiwa milango ya vyumba na vileo. Bibi aliyejua tui la kwanza litiwe lini na la pili lini hatajwi popote. Mpishi aliyetoka ng'ambo mwaka jana ametajwa juu kabisa.

Wenye hoteli hujitetea kwamba mgeni hataki kusumbuliwa. Ajabu ni kwamba mgeni huyo huyo akiwa Japani hujifunza kuvua viatu mlangoni na kula kwa vijiti viwili, tena hulipa zaidi kwa sababu amesumbuliwa kwa heshima. Aliyeweza vijiti ataweza sijambo. Aambiwe kwamba akisalimiwa hujambo hana budi kujibu, na kwamba jibu lake linangojwa. Maji ya bwawa yapimwe na kulipiwa kwa bei ya anasa. Njia ya kwenda pwani ambayo wavuvi na wakulima wa mwani waliikanyaga kabla ya hoteli isizibwe na ukuta. Mhudumu awe na ruhusa ya kuketi. Wala mgeni asiahidiwe kijiji. Aambiwe kwamba kijiji kipo, kwamba akenda na adabu huenda akakaribishwa, na huenda asikaribishwe.

Na sisi wa vyuo tuna sehemu yetu. Wanafunzi wa Kiswahili humaliza miaka mitatu wakichambua ushairi wa zamani, hali orodha za vyakula za hoteli zilizo mwendo wa dakika kumi kutoka madarasani mwao huandikwa na watu wasiojua tofauti ya mchuzi na rojo. Orodha hizo zaweza kuandikwa upya na darasa moja katika muhula mmoja, kila chakula kwa jina lake, na chini yake jina la mji au kijiji kilichokifundisha. Baadhi ya mameneja watazikataa. Wengine watazichukua, kwa kuwa hazitawagharimu kitu.