Umeme si wa fundi peke yake



Sisi watu wa Katanga tunaishi na umeme tangu zamani. Bwawa la Mwadingusha lilianza kutoa umeme mwaka 1930, na la Nseke mwaka 1956, yote mawili kwa ajili ya shaba. Mwaka 1982 ikafika Kolwezi ile njia ndefu ya waya inayotoka Inga, kilometa 1.700 hivi. Hata shaba yenyewe haiwi safi kabisa mpaka umeme upite katika maji ya asidi na kuibandika bamba juu ya bamba.

Lakini muulize mtumishi asiye fundi: «Umeme ni nini?» Atakujibu: «Hiyo ni kazi ya mafundi.» Kisha anarudi nyumbani, anaunganisha resho kwa waya mbili zilizosokotwa na vidole, na watoto wanacheza karibu. Maoni yetu ni haya: jibu hilo linaua watu. Misingi ya umeme ni michache, na kila mtu wa kambi anaweza kuielewa.

MANENO MATATU

Shuleni mwalimu huanza kwa kuandika ubaoni sheria ambayo Georg Ohm aliitangaza mwaka 1827. Mwanafunzi anaikariri, anapata pointi, lakini hajui anachosema. Afadhali tuanze na tangi la maji.

Tangi likiwekwa juu, maji yanasukuma kwa nguvu. Msukumo huo kwa umeme tunaupima kwa VOLTI. Maji yanayopita katika bomba kila sekunde ni kama kuran yenyewe, nayo tunaipima kwa AMPERI. Bomba likiwa jembamba, maji yanapita kwa shida. Shida hiyo kwa umeme tunaipima kwa OMU. Basi, msukumo ukizidi, kuran inazidi. Kizuizi kikizidi, kuran inapungua. Gawanya volti kwa omu, utapata amperi. Sheria ya Ohm ndiyo hiyo.

Lakini mwanafunzi asikae siku zote kwenye tangi, kwa sababu mfano huo una mahali unapodanganya. Bomba likikatika, maji yanamwagika na kila mtu anaona. Waya ukikatika, hakuna kitu kinachomwagika. Umeme hautembei mpaka upate njia ya kwenda na ya kurudi. Waya uliolala chini unaonekana umekufa, kumbe unangoja njia. Atakayeushika akiwa amesimama juu ya udongo, yeye ndiye njia. Ndege anakaa juu ya waya bila kufa kwa sababu miguu yake yote iko kwenye waya mmoja na hagusi kitu kingine.

Tukumbuke tarehe 2 Februari 2022 katika soko la Matadi-Kibala, Kinshasa. Waya wa umeme mkubwa ulikatika ukaanguka sokoni, penye maji ya mvua. Watu wasiopungua 26 walikufa, wengi wao wamama waliokuwa wakitafuta chakula cha watoto. Waya wa namna hiyo hauhitaji hata kuguswa, maana umeme wake unaenea katika udongo, na mtu mwenye hatua ndefu anaupokea kwa mguu mmoja na kuutoa kwa mguu mwingine. Ukiona waya umeanguka, kaa mbali, zuia watu, uita wenye kazi. Kama uko karibu tayari, unganisha miguu na uondoke kwa kuiburuta kidogo kidogo.

MWILI WA MTU

Kuna wazee wanaojisifu: «Umeme wa 220 hauui, unatikisa tu. Mimi umenipiga mara nyingi.» Tunawaheshimu wazee wetu, lakini neno hilo si kweli, na kijana anayelisikia linaweza kumwua.

Tufanye hesabu. Mikono mikavu na viatu vikavu vinazuia umeme. Ndiyo maana mzee alipona. Lakini mtu aliyelowa jasho, kama sisi wote chini ya shimo, kizuizi cha mwili wake kinaweza kushuka mpaka omu 1.000 hivi. Gawanya volti 220 kwa 1.000: ni amperi 0,22. Ni kidogo? Kuran ya amperi 0,01 tu inaweza kukaza vidole vya mtu asiweze kuachia waya. Ikifika 0,03, pumzi inaweza kusimama. Ikizidi hapo, moyo unaacha kupiga sawasawa na kuanza kutetemeka bila kusukuma damu. Ampuli ya wati 100 inakula karibu amperi 0,45. Basi, sehemu ya kumi tu ya kuran inayowasha ampuli hiyo inatosha kuzima mtu.

FUZIBU HAIKULINDI WEWE

Wengi wanajibu: «Nyumbani kwangu kuna fuzibu.» Fuzibu ni waya mwembamba uliowekwa ili uyeyuke kwanza, kabla ya waya za ukutani kuungua. Fuzibu ya amperi 10 haijali kabisa amperi 0,22 zinazopita ndani ya mtoto wako. Kazi yake ni kulinda waya na nyumba. Kinachomlinda mtu ni waya wa udongo, ule mafundi wanaouita «tera», pamoja na kile kifaa kinachokata umeme chenyewe kinapoona amperi 0,03 zinapotea njiani.

Na hata ulinzi huo mdogo wa fuzibu tunauharibu. Fuzibu ikiungua, mtu anachukua kipande cha waya wa shaba, anakipachika pale, anasema: «Sasa haitakatika tena.» Kweli, haitakatika! Kitakachoyeyuka sasa ni waya wa ukutani. Kuran ikiongezeka mara mbili, joto la waya linaongezeka mara nne. Ikiongezeka mara tatu, mara tisa. Resho ya wati 2.000 peke yake inavuta amperi 9. Ongeza pasi ya wati 1.000, na jirani aliyejiunganisha kwako, na moto unaanza ndani ya ukuta usiku, watu wamelala. Fuzibu inayoungua kila mara haikuchokozi. Inakuambia kwamba umeipa mzigo usio wake.

TUNAOMBA NINI

Wengine watasema kwamba kumfundisha kila mtu umeme ni hatari, maana kila mmoja atajifanya fundi. Hoja hiyo ina ukweli wake, lakini tazameni vizuri. Anayejifanya fundi leo ni yule asiyejua. Mtu aliyeelewa kwamba yeye mwenyewe anaweza kuwa njia ya umeme, huyo hunyoosha mkono polepole na kumwita fundi upesi.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, walimu wa ufundi waanze na njia ya umeme na mwili wa mtu, kisha waende kwenye hesabu. Pili, mkubwa wa kazi asimpeleke kijana kwenye sanduku la umeme kabla kijana huyo hajaeleza kwa mdomo wake kwa nini tunakata umeme, tunafunga kwa kufuli, na tunapima kwa kifaa. Asikubali kijana aseme tu «ndiyo, Chef». Tatu, wamama wafundishwe pia, maana wao ndio wanaokaa na resho, pasi na watoto mchana kutwa.

Wamama na wote wajue vilevile la kufanya mtu akipigwa. Usimshike! Kata umeme kwanza. Ukishindwa, na kama ni umeme wa nyumbani, simama juu ya ubao mkavu, umsukume kwa mti mkavu. Kama ni umeme mkubwa, usimkaribie kabla wenye kazi hawajaukata. Akishatolewa, ikiwa hapumui, uita msaada na ubonyeze katikati ya kifua chake kwa nguvu, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike. Na hata akiamka na kusema «mimi mzima», mpeleke hospitali. Moyo uliopigwa na umeme unaweza kugeuka baada ya saa kadhaa.

Shaba tunayoitoa katika udongo huu inabeba umeme wa dunia nzima. Itakuwa haya kwetu ikiwa sisi tunaoichimba ndio tutakaokufa kwa kutojua inachobeba. Ndugu mfanyakazi, leo jioni ukifika nyumbani, fungua sanduku lako utazame kwa macho tu, mikono nyuma. Ukiona kipande cha waya wa shaba mahali pa fuzibu, kesho asubuhi mwite fundi.

Na kazini tukumbuke daima: KATA, FUNGA, PIMA, NDIPO USHIKE.