Sinia la Wali na Mizani ya Chumbani

Juma hili tumeona tuyaweke mbele yenu mambo ya nyumbani kwetu, ambayo kwa muda mrefu tuliona haya kuyaandika. Mara nyingi tumewausia wengine kuhusu chakula na afya ya familia. Leo ni zamu ya jiko letu wenyewe, pamoja na kosa ambalo nusura litutie msibani.

Uzito wetu haujapata kutulia tangu tulipoolewa. Siku ya nikahi tulikuwa na kilo 62. Baada ya kifungua mimba tukafika 75. Tukaacha kula usiku, tukashuka hadi 67, na mwaka haukupita ila tulijikuta na 79. Kila Ramadhani tulipungua kilo mbili au tatu, na kila Shawwal zikarejea na ziada juu yake, mithili ya deni la riba. Kabatini mwetu mna magauni ya vipimo vitatu, na hatukuthubutu kuligawa hata moja, kwa kuwa hatukujua mwaka ujao tutahitaji lipi. Mizani ya chumbani tukaifanya kadhi wetu: ikishuka asubuhi tulicheka na watoto, ikipanda tulinuna hadi Adhuhuri.

Mwaka jana, tukiwa na kilo 91, tulipimwa sukari kabla ya kufungua kinywa. Ikasoma 6.4. Daktari akatufahamisha kwamba chini ya 6.1 ni hali ya kawaida, na kuanzia 7.0 huhesabiwa kuwa ni kisukari. Sisi tulikuwa tumesimama katikati ya daraja. Mama yetu mzazi, Allah amrehemu, alikatwa mguu kwa maradhi hayo miaka miwili kabla ya kufariki, na sisi ndio tuliomfunga vidonda. Hatukuhitaji mawaidha marefu. Tukaazimia kupunguza wanga.

Wanga ni ile sehemu ya chakula ambayo mwilini hugeuka kuwa sukari na kuingia katika damu. Umo katika wali, ugali, mkate, chapati, mihogo, viazi, ndizi za kupika na tambi, mbali na sukari yenyewe. Gramu 100 za wali uliokwisha kupikwa zina takriban gramu 28 za wanga. Tulipoupima wali tuliozoea kujipakulia, tulikuta ni gramu 400, yaani zaidi ya gramu 110 za wanga kwa mlo mmoja, kabla ya kuhesabu chai ya vijiko vitatu vya sukari, maandazi ya asubuhi na juisi ya jioni. Mlo huitwa wa wanga kidogo iwapo wanga wa siku nzima haufiki gramu 130, na wapo wanaojibana hadi gramu 50 au hata 20. Kwa hiyo sahani yetu moja ya mchana ilikaribia kulimaliza fungu la kutwa.

Njia hii si ngeni. Mwaka 1863 mtu mmoja wa London aitwaye William Banting, aliyekuwa akifanya biashara ya shughuli za mazishi, alichapa kijitabu akieleza namna alivyopungua mwili kwa kuacha mkate, sukari na viazi kwa ushauri wa tabibu wake. Tangu hapo fikra hiyo imekuwa ikizama na kuibuka kwa majina mbalimbali, na kila inapoibuka hutangazwa kana kwamba imegunduliwa jana.

Tulianza siku ya Jumamosi. Mfuko wa mchele tukaufunga kwa kamba na kuuweka juu ya kabati. Mahali pake pakashikwa na samaki wa kuchoma, mayai, mchicha, bamia, kisamvu, maparachichi na mtindi usiotiwa sukari. Siku ya tatu kichwa kiliuma na miguu ikalegea, kwani mwili unapokosa wanga hutoa maji na chumvi nyingi kwa njia ya mkojo. Juma la kwanza lilipokwisha, mizani ilikuwa imeshuka kilo tatu, nasi tukashangilia kabla ya wakati. Baadaye ndipo tulipofahamu kwamba mwili huhifadhi akiba ya wanga katika ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushikana na takriban gramu tatu za maji. Akiba ikitumika, maji nayo huondoka. Sehemu kubwa ya kilo zile tatu ilikuwa maji, na mafuta tuliyoyachukia yalikuwa bado yamekaa mahali pake.

Kosa letu, ndugu wasomaji, ni kwamba hatukuanza peke yetu. Tuliilazimisha nyumba nzima. Watoto walilalamika. Mama mkwe alitutazama siku mbili, kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, mchele umekwisha au una nadhiri?" Baba watoto hakusema neno. Yeye ana kisukari kwa mwaka wa sita sasa, na humeza vidonge asubuhi na jioni. Tulidhani tunamfanyia hisani kubwa kuliko wote. Wali na ugali wake tuliuondoa; vidonge vyake hatukuvigusa, wala hatukumuuliza daktari.

Usiku wa kumi na moja, kabla ya adhana ya Alfajiri, tuliamshwa na kitanda kinachotikisika. Baba watoto alikuwa ameloa jasho kama aliyetoka kuogelea, mikono inamtetemeka, na tulipomwita alijibu maneno yasiyounganika. Kijana wetu wa kidato cha pili aliingia mbio, akamtazama baba yake na kusema, "Mama, sukari imeshuka." Akakoroga vijiko vinne vya sukari katika nusu glasi ya maji. Kwa rehema za Allah baba yake alikuwa bado anaweza kumeza. Kipimo kikasoma 2.6, ilhali chini ya 4 tayari ni hatari. Baada ya robo saa akatutambua, na la kwanza aliloliuliza ni kama adhana imekwishapigwa.

Tulimpeleka hospitali papo hapo, na tulifanya vyema, kwa sababu vidonge vya aina yake huisukuma kongosho kutoa insulini kwa saa nyingi, na sukari iliyopandishwa kwa maji matamu inaweza kuporomoka tena. Daktari alisikiliza kisa chote, kisha akatuuliza swali moja: "Chakula mmepunguza. Na dawa, nani amepunguza?" Hatukuwa na jibu. Kipimo cha vidonge vile kilipangwa kwa mtu anayekula wali. Mtu yule alipoacha wali, dawa iliyokuwa ikimtibu ikageuka ya kumdhuru. Haraka haraka haina baraka, na haraka yetu nusura itufanye mjane.

Tumeyasimulia haya kwa sababu tunajua katika nyumba nyingi zisomazo ukurasa huu yumo anayetumia dawa za sukari, na yumo anayetaka kupungua, na pengine wanakula katika sinia moja. Anayetumia insulini au vidonge vinavyoisukuma kongosho, kama glibenklamaidi, asipunguze wanga kabla ya daktari wake kuipitia dawa. Vivyo hivyo anayetumia vidonge vya shinikizo la damu, kwa kuwa shinikizo nalo huweza kushuka. Mwenye maradhi ya figo. Mjamzito na anayenyonyesha. Watoto wasiingizwe kabisa katika mlo wa namna hii kwa sababu tu mama yao ameamua. Na iwapo mgonjwa amepoteza fahamu, asitiwe kitu chochote kinywani, akimbizwe hospitali.

Je, mlo huu ndio bora kuliko mingine? Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha matokeo ya watu wazima 609 waliofuatiliwa kwa miezi 12. Kundi moja lilipunguza wanga, jingine lilipunguza mafuta, na makundi yote mawili yalihimizwa kula mboga kwa wingi na kuepuka sukari na unga mweupe. Waliopunguza wanga walipungua kilo 6 kwa wastani, na waliopunguza mafuta kilo 5 na kidogo; tofauti ambayo watafiti hawakuiona kuwa na uzito. Ndani ya kila kundi walikuwamo waliopungua sana na walioongezeka. Funzo tulilolipata ni kwamba wali haukuwa adui wetu wa pekee. Njia inayofaa ni ile ambayo mtu ataweza kuidumisha na watu wake wakiwa pamoja naye, hata zikipita harusi mbili na msiba mmoja.

Kwa hiyo mfuko wa mchele uliteremshwa. Sinia limerudi, na sisi tunakula upande wetu kwa utaratibu mpya: kwanza mboga na samaki, kisha wali usiozidi ukubwa wa ngumi yetu. Chai haina sukari. Majuma mawili ya mwanzo ilikuwa mtihani, sasa tumeizoea. Soda na juisi zimebaki kwa wageni. Tukialikwa, hatumkatalii mwenyeji. Tunapokea, tunakula kidogo, tunamshukuru. Ramadhani tulifuturu kwa tende tatu na maji, tukaswali Magharibi, na tuliporejea tulichagua kimoja kati ya mihogo ya nazi na tambi, badala ya vyote viwili na kaimati juu yake. Wengi wetu tumesikia tangu madrasa mafundisho ya Mtume (s.a.w.) juu ya theluthi ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi. Tuliyahifadhi tukiwa na miaka minane, tukachelewa kuyafikisha jikoni.

Kwa upande wa gharama tusidanganyane: samaki na mayai hushinda unga kwa bei, na familia yenye watoto watano haiwezi kuishi kwa samaki wa kuchoma. Dagaa, mchicha, matembele na mlenda si ghali sana. Maharage na kunde zina wanga, lakini pia zina protini na nyuzinyuzi nyingi, na huishibisha nyumba kwa muda mrefu kuliko mkate mweupe. Anayepunguza kipande cha ugali na kuongeza bakuli la mboga amekwisha kuanza.

Sasa ni mwezi wa nane. Tuna kilo 83, na kwa miezi miwili namba hiyo imegoma kusogea. Sukari yetu ya asubuhi ni 5.7. Vidonge vya baba watoto vimepunguzwa nusu na daktari, si na sisi, na kipimo cha sukari kimewekwa pale ilipokuwa mizani. Mizani yenyewe tumeihamishia stoo. Tunaitembelea kila Ijumaa asubuhi, mara moja, kisha tunafunga mlango. Magauni mawili tumeyagawa, la 91 na la 62. Tumebaki na la katikati, na tumeridhika nalo.

Juma lijalo, in shaa Allah, tutazungumzia namna ya kumhudumia mzee mwenye vidonda vya miguu. Wabillahi tawfiq.